Maji ya Kumwogesha Tobie

Kazini wananijua kwa mdomo wangu. Mkurugenzi akibadilisha zamu bila kutuuliza, namwambia. Mtoto wa mzee fulani akija na maua mara moja kwa mwaka, halafu analalamika kwamba mama yake amekonda, namwambia pia, na sauti siipunguzi. Kwa hiyo ukisikia kwamba mimi, Euphrasie Nsimire, mtu wa Bukavu, miaka kumi na tisa natunza wazee hapa Schaerbeek, Brussels, nilinyamaza siku niliyotakiwa kusema, usinitetee. Nimejaribu kujitetea mwenyewe na sikufika mbali.

Katika nyumba yetu ya wazee, ghorofa ya pili ni ya masista waliostaafu. Nilipoanza kazi walikuwa kumi na mmoja. Sasa wamebaki wanne, na mkubwa wao ni Sista Godelieve, Mflamani wa upande wa Kortrijk, miaka tisini na minne. Ujana wake wote alikuwa muuguzi Kanada, katika hospitali moja ya masista huko Quebec. Kumbukumbu zake zimechakaa. Kuna asubuhi ananiita Euphrasie, kuna asubuhi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na mimi naitika yote mawili.

Namwogesha kila siku saa moja asubuhi, na masharti yake nayajua. Mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia. Uso kwanza, kisha mikono, miguu mwisho. Na kabla sijalowesha kitambaa, lazima yeye mwenyewe akunje mkono wa gauni la kulalia, atumbukize kiwiko ndani ya maji, afikiri kidogo, ndipo aseme, "Haya." Akikataa, narudi bombani. Wenzangu wanamcheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, na siku za haraka nilikuwa nanuna.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mkurugenzi aliniita akaniambia Sista ana mgeni kutoka Kanada, nusu saa tu, na mimi nibaki chumbani asije akachoka. Mgeni alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye nywele ndefu zilizosukwa msuko mmoja mgongoni. Jina lake Rolande Petiquay. Alisema yeye ni Mwatikamekw, mmoja wa watu waliokuwa katika ardhi ile kabla ya wote wanaojiita wenyeji wa Quebec leo. Alizungumza Kifaransa, polepole, na koti hakulivua.

Alikaa karibu na kitanda, akamweleza Sista kana kwamba anamsomea. Mwaka 1968, kaka yake Tobie alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Akapata kifaduro. Ndege ndogo ilikuja kijijini kwao, katikati ya msitu, ikamchukua kumpeleka hospitali. Mama yake alitaka kupanda naye, akaambiwa hakuna nafasi ya mama. Kisha ikafika barua moja, iliyoandikwa wiki mbili baada ya ndege ile: mtoto anaendelea vizuri. Baada ya barua ile, kimya. Hakuna mtoto, hakuna maiti, hakuna karatasi. Baba yake alikwenda hadi hospitalini, safari ya siku nne, akaambiwa mlangoni kwamba jina hilo hawalioni.

"Mwaka jana tulipata ukurasa mmoja wa faili lake," Rolande alisema. "Ukurasa wa kupokelewa tu. Chini kuna sahihi yako, Sista. Mama yangu ana miaka sabini na minane. Tangu siku ile hajawahi kufunga mlango wa nyumba, hata wakati wa theluji, hata usiku. Anasema Tobie akija asikute pamefungwa. Niambie tu alikwenda wapi."

Sista Godelieve alimtazama muda mrefu, kisha akaanza kusali Kiflamani, akasinzia. Nusu saa ikaisha.

Nilimsindikiza mgeni hadi kwenye lifti. Hakulia. Aliniambia yeye pia ni muuguzi, wa zahanati ya kijiji chao, na alisomea kazi hiyo kwa sababu ya ndege ile. Mtoto wa kijijini akihitaji hospitali ya mjini, yeye hupanda naye pamoja na mama mtu, akishika mkono wa mama na karatasi za mtoto, na harudi mpaka warudi wote. Mama yake, alisema, alipozaa tena, kisha watu wa serikali wakaja kukusanya watoto kwa shule ya bweni, aliingia msituni na binti yake mkubwa akakaa majira mazima ya baridi. Siku hizi shule ipo pale pale kijijini na watoto huanza kusoma kwa lugha yao, na mama yake huenda kila Ijumaa kuwasimulia hadithi. Lakini mlango bado uko wazi. Akaandika namba yake ya simu kwenye kiganja cha mkono wangu kwa sababu sikuwa na karatasi. Alikuwa amefikia hoteli ndogo karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, na Jumapili asubuhi alikuwa na treni.

Kesho yake asubuhi, nikiwa namsuuza Sista mikono, nilimtajia jina. Sijui kwa nini. Nilisema tu, "Sista, Tobie Petiquay."

Mkono wake ukakaza ndani ya wangu. "Daftari la buluu," alisema kwa Kifaransa kilichonyooka. "Ndani ya sanduku la nyuzi. Mpe mama yake."

Chini ya nyuzi za kufumia nilikuta daftari la shule lenye jalada la buluu. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mtoto, kijiji, tarehe, ugonjwa, na mistari michache ya wino. Walikuwa ishirini na watatu. Tobie alikuwa ukurasa wa tisa. Nilisoma nimesimama, taulo begani.

Tobie alikufa siku ya kumi na moja baada ya kufika, alfajiri, tarehe 14 Machi 1968. Homa ya mapafu. Amezikwa makaburi ya parokia iliyo nyuma ya hospitali, safu ya nne, karibu na ukuta, wa tatu kutoka kwenye mti. *Nimemwogesha mwenyewe. Nimemvalisha shati la flaneli la manjano, hakuwa na jingine.* Na chini kabisa: *Mama yake hakuandikiwa. Nimeomba, nimekatazwa.*

Nilikaa kwenye kiti cha Sista, kitu ambacho ni marufuku. Nilimkasirikia hadi masikio yakanivuma. Barua ile ya "anaendelea vizuri" iliandikwa baada ya wiki mbili, maana yake mtoto alikuwa tayari ardhini. Na huyu bibi, ninayempaka mafuta ya miguu, alikuwa amekaa na daftari miaka hamsini na sita chini ya nyuzi. Nilimgeukia nimwambie. Alikuwa ameshasahau, ananiuliza kama leo kuna supu ya karoti. Kuna supu ya karoti, Sista, nikamjibu.

Daftari nilitia mkobani. Karatasi za masista zina ofisi yake, na mkurugenzi angenifukuza kwa hilo. Lakini Sista mwenyewe alisema mpe, nami nilimsikia.

Rolande alinikuta saa nane mchana, natoka zamu. Alikuwa amesimama pale chini karibu na mlango wa vioo, koti lile lile. Watu wanapita, mzee mmoja anamtukana muuza magazeti, lifti inafunguka na kujifunga. Akanishika mkono. "Umepata kitu?"

Hapa lazima nieleze sisi tulivyo.

Mama yangu alipokufa Bukavu, mimi nilikuwa huku. Siku tatu nzima Matonge yote, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, ilijua isipokuwa mimi. Nilikuwa napita kwenye saluni napokea salamu, kumbe wanaonisalimu wanajua. Siku ya tatu watu saba walikuja nyumbani kwangu bila taarifa, wamebeba fufu na samaki na kreti ya soda. Tukala. Papa Rigobert, dereva mstaafu wa basi ambaye ndiye mkubwa wetu watu wa Kivu, akaomba sala ndefu. Ndipo akaniuliza habari ya mwisho ya Bukavu niliipata lini. Kabla sijajibu, maman Mignonne, msusi wetu, alikuwa ameshahamia upande wangu wa kulia na mwingine wa kushoto, na nilipoanguka walinipokea. Kwetu hakuna anayeambiwa kifo kwenye simu, wala barabarani, wala akiwa peke yake na koti mwilini. Unamwambia kwanza mgonjwa amezidiwa, unamwambia amehamishwa hospitali, unampa muda moyo wake utangulie. Nimewahi kufanya hivyo kwa watu wengi, na kila mmoja alinishukuru baadaye.

Basi nikamtazama mwanamke huyu ambaye Brussels nzima hana mtu, treni yake Jumapili, hoteli yake chumba kimoja. Nikasema, "Nimepata jina lake. Alikuwa mgonjwa sana, Rolande. Walimhamisha mahali pengine. Kesho njoo kwangu saa saba, utakula, nami nitakueleza yote."

Macho yake yakajaa. Akanikumbatia kwa nguvu, akalia begani kwangu. Nilimpapasa mgongo nikafikiri, ameelewa. Mtu yeyote wa kwetu angekuwa ameelewa.

Nilipanda tramu moja kwa moja hadi Galerie d'Ixelles, kwenye saluni ya maman Mignonne. Alikuwa anasuka mtu. Nilimweleza kwa sauti ya chini.

"Ulishamuambia?" akaniuliza.

"Bado. Nilimuambia tu kama mutoto alikuwa mugonjwa, bakamuhamisha. Kesho anakuya kula kwangu."

"Bon, ulifanya muzuri. Muntu habamuambiake ku couloir, bantu banapita." Akachana nywele za mteja wake kidogo. "Nitakuya na papa Rigobert. Donc, tunakula kwanza, papa anaomba, njo tunamuambia. Maskini, mama wa bantu. Na ule mama yake kule, iko na nani?"

"Sijue."

"Alors itabidi tuulize," alisema, na sote wawili hatukuuliza. Nilinunua majani ya muhogo ya sombe, samaki wa kuchoma na ndizi, nikarudi nyumbani kupika. Usiku ule nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumamosi saa sita na nusu walikuwa wameshafika. Maman Mignonne alivaa kitenge cheusi chenye maua meupe. Papa Rigobert alivaa suti yake ya misiba, akakaa kwenye kiti kirefu, Biblia gotini. Saa saba kamili kengele ikalia.

Rolande aliingia anacheka. Koti alilivua mlangoni, mara ya kwanza namwona bila koti, na ndani alivaa blauzi nyekundu iliyopambwa shanga shingoni. Alikuwa na keki mkononi. Aliwasalimu wenzangu kama watu waliokuja kwenye sherehe, akawashika mikono yote miwili.

"Nilimpigia mama jana ile ile," aliniambia, hata hajakaa. "Nilimwambia, mama, hakufa pale, walimhamisha! Tunajua watoto wengine walipewa familia za Wazungu, wengine wamerudi wakiwa wazee. Mama alinyamaza, nikadhani amezimia. Halafu akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo. Papo hapo akapeleka habari kwenye redio ya kijiji, wametangaza kwamba Tobie anatafutwa na amekaribia kupatikana. Wajomba wanapika nyama, adhuhuri kijiji kizima kitakula kwake. Sasa niambie, walimpeleka wapi?"

Maman Mignonne alinitazama, kisha akatazama keki.

Papa Rigobert ni mtu mwenye busara zake, lakini njia anayoijua ni moja. Akakohoa, akaanza kwa Kifaransa cha kanisani, "Binti yetu Rolande, karibu sana. Kwanza tumshukuru Mungu kwa chakula. Maisha ya binadamu, unajua, ni safari ambayo..."

"Papa, acha," nikasema.

"Maman Euphrasie, pole pole, muntu anapashwa kula kwanza."

"Hapana, papa. Hale kitu." Nikasimama. Nilitaka kumshika Rolande mkono nikaona sina haki hiyo. "Tobie alikufa. Tarehe 14 Machi 1968, siku ya kumi na moja hospitalini, alfajiri. Ilikuwa homa ya mapafu. Amezikwa, na mahali pake pameandikwa. Hakuhamishwa popote."

Kicheko kilibaki usoni mwake muda kidogo baada ya macho yake kuacha kucheka. Aliweka keki mezani kwa uangalifu mkubwa. Nikampa daftari, nikiwa nimelifungua ukurasa wa tisa. Alisoma mara moja, akasoma tena, kidole chake kikifuata mistari.

"Jana," alisema. "Pale mlangoni. Ulikuwa umeshasoma hii?"

"Nilikuwa nimesoma."

"Ilikuwa mkobani mwako."

"Ndiyo."

"Na ukaniambia alihamishwa."

Nikaanza kumweleza: kwamba kwetu, kwamba nilitaka awe na watu, kwamba mama yangu alipokufa. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Wao pia walijua," alisema. "Walimwandikia mama yangu anaendelea vizuri. Labda kuna mmoja wao alifikiri anamhurumia."

Nimesema nina mdomo, na ulikuwa pale pale usoni pangu, haukufaa kitu. Mpaka leo natafuta tofauti kati yangu na waliotuma barua ile, nami naipata, mimi ni siku moja na wao ni maisha ya mtu. Lakini kicheko cha mama yule kwa sababu ya neno langu hakipimwi kwa siku.

Rolande akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akalia. Maman Mignonne hakumwambia nyamaza. Aliacha kiti, akaketi sakafuni kando yake na kitenge chake kizuri, akanyoosha miguu kama tunavyokaa kwenye matanga, bila kumgusa. Baada ya muda Rolande ndiye aliyemwegemea. Papa Rigobert alivua koti la suti na kwenda jikoni kuzima sombe iliyokuwa inaungua.

Saa nane kasoro, Rolande alifuta uso kwa mikono ya blauzi. "Kule ni saa mbili asubuhi. Wanaanza kuja na masufuria."

"Usimupigie simu akiwa peke yake," maman Mignonne alisema, kisha akageuza kwa Kifaransa ili Rolande aelewe.

"Hatakuwa peke yake. Sisi pia hatumwachi mtu peke yake. Lakini tunasema." Akampigia binamu yake, mwalimu wa shule ya kijiji, wakazungumza lugha yao. Nilisikia jina la Tobie mara nyingi. Akakata. "Anakwenda na shangazi zangu, na mzee wa zahanati. Wakishakaa naye watapiga." Kisha akanitazama. "Na wewe ndiye utakayemwambia. Binamu yangu atatafsiri. Utamwambia ulijua, na utamwambia ulisema nini."

Tulisubiri dakika arobaini. Hakuna aliyegusa chakula. Simu ilipolia, Rolande aliiweka mezani kati ya sahani, na chumba changu kikajaa sauti za mbali, viti vinavutwa, mbwa, mtoto anaambiwa atoke nje.

Nikasema. Nilisema kwa Kifaransa, sentensi fupi fupi, na baada ya kila moja nilisikia sauti ya yule mwalimu ikiigeuza. Nilianza na mimi: naitwa Euphrasie, nilijua tangu jana asubuhi, nikamwambia binti yako jambo lisilo kweli, ukacheka kwa sababu yangu, nisamehe. Kisha nikasoma tarehe. Nikasoma ugonjwa. Nikasoma safu ya nne, karibu na ukuta, wa tatu kutoka kwenye mti.

Upande wa pili watu walianza kulia, wanawake wengi pamoja, kilio ambacho sikuhitaji tafsiri yake. Kilipopungua, sauti moja ya uzee ikasema kitu kifupi.

"Anauliza," mwalimu alisema, "nani alimwogesha?"

Nikasoma mstari ule. Nimemwogesha mwenyewe. Nimemvalisha shati la flaneli la manjano. Yule mama akasema neno, na Rolande akafunika mdomo, akaninong'oneza kwamba shati lile alilishona mama mwenyewe, alimvalisha asubuhi ya ndege.

Sauti ikauliza tena.

"Anauliza, maji yalikuwa ya moto?"

Mungu wangu. Neno moja tu. Maman Mignonne alinitazama kwa macho ya kuomba, papa Rigobert alitikisa kichwa taratibu kwa maana ya sema ndiyo, na hata Rolande, naapa, hata Rolande alitaka niseme ndiyo. Nilikuwa nalo tayari ulimini.

"Haijaandikwa, mama," nikasema. "Sijui."

Ikatafsiriwa. Kisha simu ikakatwa, na sijui ni nani aliyeikata.

Jumapili nilimsindikiza Rolande Gare du Midi. Soko lilikuwa limejaa, wauza zeituni wanapiga kelele, tukapita katikati yao na sanduku lake. Daftari alilibeba kifuani, ndani ya koti. Kuna majina mengine ishirini na mawili humo, alisema, na familia zao anazijua karibu zote. Hakuniambia amenisamehe. Alinishika bega, akapanda treni.

Jumatatu saa moja asubuhi nilijaza mabeseni mawili. Sista Godelieve alikunja mkono wa gauni, akatumbukiza kiwiko. Akafikiri. "Baridi kidogo," alisema. "Mtoto atashtuka."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Miaka kumi na tisa namwona akifanya vile, nikiona ukaidi wa kizee tu. Nikamuuliza, "Sista, Tobie ulimwogesha kwa maji gani?" Alinitabasamia kama mtu anayeongea na mgeni wa heshima. Sikupata jibu siku ile, wala siku nilizomuuliza baadaye. Nilirudi bombani, nikaongeza maji ya moto, akapima tena, akasema haya. Nilimwogesha. Hasira yangu kwake haijaisha, na mikono yangu ilifanya kazi yake vizuri. Mkurugenzi nilimwambia habari ya daftari mchana ule ule, nikapewa barua ya onyo, nikaitia sahihi.

Jioni nilimrekodia Rolande ujumbe wa sauti. Nilisema, mwambie mama hivi, na usiongeze neno. Maji ya siku ile siyajui, na aliyeyajua amesahau. Ninachokijua ni nilichoona kwa macho yangu: yule sista, mpaka leo, hakubali kitambaa kilowe kabla hajapima maji kwa kiwiko, na yakiwa ya baridi huyarudisha.

Hakunijibu. Wiki zikapita, miezi ikapita. Nilijiambia ni haki yake.

Mwezi wa nane, nikiwa ndani ya tramu natoka kazini, simu ikalia. Ilikuwa Rolande. Walikuwa wamekwenda makaburini, magari sita, kijiji kizima kilichoweza kusafiri. Mti ulishakatwa lakini kisiki kipo, wakahesabu kutoka pale. Mama yake alikaa ardhini kwenye safu ya nne kutwa nzima. Ujumbe wangu wa sauti, alisema, mama ameusikiliza mara nyingi, akitafsiriwa, mpaka anajua mahali ninapovuta pumzi.

"Tulirudi nyumbani kesho yake jioni," Rolande alisema. "Mama akavua viatu. Akaniambia, funga mlango."

Nilishika chuma cha tramu.

"Nikaenda kufunga. Euphrasie, hakuna kufuli. Hakujawahi kuwekwa kufuli kwenye mlango ule. Ilibidi tumwamshe mjomba aje na komeo na misumari."

Nilimuuliza kama mama alisema lolote kuhusu maji.

"Bado anauliza," alisema.

"Bado sijui," nikamwambia.

"Nimemwambia hivyo hivyo," alisema Rolande. "Anasema sawa."